Mkate wa Wishwa: Tana Ina Sanaa, Nani Anaila?

Kila Mkenya aliyepita shule ameshaimba muziki wa Wapokomo, hata kama hajui Garsen iko upande gani wa ramani. Wimbo wetu wa taifa ulitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto, ule ambao akina mama wa Mto Tana walikuwa wakiuimba ili mtoto anyamaze na wao wapate kurudi kazini. Mzee Meza Galana ndiye aliyeutoa. Kamati ya wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ikaupanga upya na kuutilia maneno. Uhuru ulipofika Desemba 1963, bendera ikapandishwa kwa sauti iliyotoka mtoni.

Naanza hapo kwa sababu kila baada ya muda nasikia watu wa Nairobi wakisema, kwa nia njema kabisa, kwamba wanataka "kujenga jumuiya ya wabunifu" kwa vijana wa Tana River. Wasanii wa pembezoni, wasiosikika, wasioonekana. Nimesoma maandiko ya miradi hiyo. Nimekaa kwenye warsha zake, nikanywa chai na kula mahamri. Na kila mara kuna kitu kinanikwaza katika hilo neno "kujenga". Linaongea kama kwamba hapo ni uwanja mtupu, na sasa fundi anakuja na mchanga.

Mimi kazi yangu ni kusoma kazi za watu na kusema ninachoona. Kwa hiyo, kabla hatujajenga, wacha tusome. Nimechagua kazi tatu za Tana ambazo karibu kila mtu anazijua bila kujua zimetoka wapi: wimbo, ngoma na utenzi. Nadhani zinatuambia mengi kuhusu jumuiya, pamoja na mambo ambayo hatungependa kuyasikia.

WIMBO

Tazama njia ambayo wimbo ule ulipita. Ulitoka kinywani mwa mama. Ukamfikia Mzee Galana, ukafika kwa kamati, ukafika kwa Serikali. Na kila ulipopanda ngazi moja, jina la chini likadondoka. Leo mwenye kujua vizuri atakutajia Hyslop na wenzake. Mwenye kujua zaidi atamtaja Galana. Yule mama hana jina kabisa, na hata hatuulizi.

Sisemi kamati iliiba. Wale walikuwa wanamuziki hodari, na kuugeuza wimbo wa kitandani kuwa wimbo wa uwanjani si kazi ndogo: jaribu wewe. Ninachosema ni kwamba huo ndio mtindo ambao bado tunautumia. Malighafi inatoka mtoni, umaliziaji unafanyika mjini, na jina linakwenda kwa aliyemalizia. Nimeuona mkeka uliosukwa huko kwetu ukikatwa, ukatiwa bitana na zipu, ukawa mkoba, na mkoba ukapata "mbunifu" mwenye picha nzuri na maelezo ya kuvutia kuhusu asili. Msukaji aliitwa "akina mama wa huko". Yaani wingi. Ukitaka kujua nani hahesabiwi katika sanaa, angalia nani anatajwa kwa wingi.

Hili si suala la adabu tu. Mtu asiye na jina kwenye kazi hawezi kuitwa tena kwa kazi nyingine. Hawezi kupandisha bei. Binti yake hawezi kusema, mama yangu ni msanii, nami nitakuwa. Jina ndiyo njia ambayo kazi moja inazaa nyingine. Ukilikata, kila kizazi kinaanza sifuri, halafu tunakuja kusema hawa watu hawana jumuiya ya ubunifu.

NGOMA

Kazi ya pili ni Ngadji, ngoma kubwa takatifu ya Wapokomo. Maafisa wa kikoloni wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia British Museum, London. Imekaa stoo zaidi ya miaka mia moja. Wazee wa Kipokomo wameiomba irudi. Kikwazo kimojawapo ni sheria ya Uingereza inayoizuia makumbusho hiyo kutoa vitu vilivyo katika hazina yake, isipokuwa kwa sababu chache sana. Sheria hiyo ni ya mwaka gani? 1963. Mwaka ule ule ambao Kenya ilianza kusimama wima kwa wimbo wa Wapokomo, London ilikuwa ikiandika kifungu kinachoibakisha ngoma ya Wapokomo gizani.

Irudi. Sina mjadala hapo. Lakini mkosoaji akisimama hapo anakuwa mpiga makofi tu, na kuna swali ambalo sisi vijana tunaliruka.

Ngadji haikuwa ngoma ya kila mtu. Ilifichwa, na waliopitishwa tu ndio walioiona. Wengine waliisikia. Ngurumo yake ilikuwa na nguvu kwa sababu hukuruhusiwa kujua inatoka wapi. Jumuiya iliyoizunguka ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na walinzi, na walinzi walikuwa wanaume wazee. Tusichanganye mambo: stoo ya London ni wizi, maficho ya wazee yalikuwa imani, na viwili hivyo haviwezi kupimwa kwenye mizani moja. Hata hivyo, binti wa miaka ishirini na mbili anayetengeneza midundo kwenye simu yake pale Garsen ana haki ya kuuliza: ikirudi, itarudi kwa nani? Ataiona? Ataisikia tu? Ataambiwa aondoke?

Sijui wazee watamjibu nini, na jibu si langu kulitoa. Ninachojua ni kwamba hakuna jumuiya ya wasanii inayoweza kuanza bila swali hilo kuulizwa waziwazi, kwa heshima, wazee wakiwa wamekaa na chai yao mbele yao. Tumezoea kuwadai wageni watufungulie milango. Na yetu je?

Mwaka 2021 yalifanyika maonyesho mazuri sana katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yaliyoitwa Invisible Inventories. Nest Collective wa Nairobi, SHIFT wa Ulaya, na makumbusho za Kenya na Ujerumani walikuwa wamekusanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyoko nje: zaidi ya 32,000, katika taasisi 30 hivi. Ninayapenda maonyesho yale kwa sababu hayakujidai. Yaliweka mbele yetu ukosefu wenyewe. Yalikufanya usimame mbele ya kitu ambacho hakipo na uone aibu ambayo si yako peke yako.

Lakini yalifunguliwa Nairobi, halafu Cologne, halafu Frankfurt. Kutoka Garsen hadi Nairobi ni safari ya kutwa nzima kwa basi, kama barabara haijaliwa na maji. Hadi Frankfurt ni safari ya viza. Kwa hiyo Mjerumani wa Frankfurt alipewa nafasi ya kuhuzunika kuhusu vitu vilivyochukuliwa Kenya kabla ya mtu wa Garsen kupewa nafasi ya kuingia chumba kimoja na hiyo huzuni. Silaumu waliofanya kazi ile. Walikwenda walikoweza kufika, na pesa zilikuwa na njia zake. Nasema tu kwamba kurudisha vitu kunaanza na kuwarudishia watu mazungumzo kuhusu vitu hivyo.

MKATE

Kazi ya tatu ni Liyongo. Wengi tunamweka Lamu na Pate, kwa sababu utenzi wenyewe uliandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, na kwa sababu Lamu inajua kujitangaza. Lakini masimulizi yanamweka Fumo Liyongo kwenye delta: Shaka, Ozi, Kipini. Nenda Kipini leo, mahali Tana inapomwagikia baharini, utaambiwa kaburi lake liko upande gani. Kipini iko eneo bunge la Garsen. Kwa hiyo shujaa mkubwa wa ushairi wa Kiswahili ni mtu wa huku kwetu.

Unakijua kisa. Liyongo yuko gerezani, mfalme anataka kumuua. Anatunga wimbo kumpa mjakazi, Saada, na ndani ya wimbo kuna ujumbe kwa mama yake: oka mikate, mmoja mzuri, mwingine wa wishwa, yaani wa makapi, na ndani ya ule wa makapi weka tupa. Walinzi wanauona mkate mzuri, wanaula. Ule wa wishwa wanaudharau, wanamwachia mfungwa. Kisha Liyongo anaomba kabla ya kufa achezewe gungu. Watu wanakusanyika, wanapiga ngoma, sahani na pembe, na ndani ya kelele hiyo hakuna anayesikia tupa ikikata chuma.

Tumefundishwa kusoma kisa hiki kama sifa ya mtu mmoja mwenye nguvu. Mimi naomba ukisome upya. Liyongo hakutoroka peke yake. Alihitaji mjakazi mwenye kumbukumbu nzuri, ambaye angeweza kubeba shairi kichwani bila kukosea. Alihitaji mama anayejua kusoma fumbo na kuoka. Alihitaji wapigaji ngoma, tena wengi, tena wenye sauti kubwa. Toa mmoja kati ya hao na shujaa anakufa asubuhi. Ukiniuliza jumuiya ya wabunifu inafananaje, nitakuonyesha usiku ule: kila mtu na kazi yake, na uhai wa mtu unategemea kama kila mmoja anaijua kazi yake vizuri.

Halafu kuna upande wa pili wa utenzi, ambao hatuusemi sana. Watu ambao maandiko ya zamani yaliwaita Wagala, jina ambalo jamaa zao Waorma hawalipendi, wanakuja Pate, wanamwona Liyongo, wanastaajabu, wanaomba awazalie mtoto. Anaoa kwao. Mtoto anazaliwa, mtu wa pande mbili, wa mkulima na wa mfugaji, wa Kiswahili na wa Kiorma. Na huyo mtoto ndiye anayemuua. Mfalme anamwita, anamuahidi cheo na ndoa, anamtuma akamuulize baba yake ni kitu gani kinachoweza kumdhuru. Sindano ya shaba, kitovuni.

Ingekuwa rahisi kwangu kukuambia kwamba utenzi huu unasherehekea mchanganyiko wa watu wa delta. Hausherehekei. Unajua kwamba watu wanaweza kuoana na bado wakauana, endapo kuna mtu wa tatu mwenye ahadi mkononi. Mtoto yule hakuwa na chuki na baba yake. Alikuwa na mfadhili.

FULANA

Ndiyo maana nasita ninapoona fulana nyeupe zenye picha ya mikono miwili ikishikana.

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya mia moja waliuawa katika delta ya Tana, katika mapigano kati ya Wapokomo na Waorma. Ardhi, maji, malisho, siasa za uchaguzi uliokuwa unakaribia. Wanawake na watoto waliuawa. Kuna kijana wa umri wangu ambaye hadi leo hapiti njia fulani. Baada ya hapo yalikuja mashirika, na mashirika yalikuja na sanaa: nyimbo za amani, michoro ya amani ukutani, michezo ya kuigiza ya amani, mashindano ya mashairi ya amani. Warsha ya siku tatu, nauli unarudishiwa, cheti unapewa.

Sitaidharau kazi hiyo yote. Mtu aliyekuwa haketi na jirani yake akiketi naye kwa siku tatu, hilo ni jambo. Lakini kama sanaa, nyingi haikuwa nzuri, na ni lazima mtu aseme. Haikuwa nzuri kwa sababu jibu lilikuwa limeshaandikwa kabla ya msanii kushika kalamu. Shairi ambalo mwisho wake unaujua kabla ya mwanzo ni tangazo.

Kuna kijana mmoja wa Kiorma aliyenisimulia. Alikuwa ameandika hadithi ya mapenzi. Msichana anaiba simu ya kaka yake usiku ili aongee na mvulana wa Minjila, bando inaisha katikati ya sentensi, na mvulana anabaki akidhani ameachwa. Basi. Hadithi nzuri, ya kuchekesha, na ile bando inakuuma kweli. Kwenye warsha wakamwambia ni nzuri, ila wakamwomba amfanye msichana awe Mpokomo. Ili kuwe na ujumbe. Akauliza, "Kwani wakiwa wote Waorma hawapendani?" Hadithi haikuingia kwenye kitabu.

Hilo ndilo linaloniuma kuhusu huu mpango mzima wa "kuwapa sauti" wasiosikika. Sauti unapewa, lakini na wimbo unachaguliwa. Kijana wa Kilimani, Nairobi, anaruhusiwa kuandika kuhusu kuachwa, kuhusu usingizi, kuhusu paka. Kijana wa Garsen anaruhusiwa kuandika kuhusu mafuriko, ukame na mauaji. Kumwachia mtu maumivu yake tu ni namna nyingine ya kumtaja kwa wingi.

Na cha ajabu, kitabu kikubwa kuhusu 2012, riwaya au filamu itakayotufanya tukose usingizi, bado tunakisubiri. Nadhani nitakiona siku moja. Lakini kitaandikwa na mtu aliyekwisha kuandika hadithi kumi za simu na bando, akajifunza jinsi sentensi inavyobeba uzito, kabla ya kubeba ule mzito kuliko wote. Huwezi kumruka huyo mtu kwa warsha.

CHUMBA

Sasa utasema, haya mkosoaji, umebomoa vya kutosha. Kifanyike nini?

Kwanza, chumba. Neno "jumuiya" bila chumba ni kundi la WhatsApp. Mwaka 2003 GoDown ilipoanza Nairobi, ilianza kwenye jengo lililokuwa gereji eneo la viwanda, na nguvu yake ilikuwa rahisi: mchoraji, mcheza dansi na mpiga gitaa walipishana kwenye ua mmoja, wakaanza kuombana sukari, halafu wakaanza kuombana mawazo. Garsen haihitaji jengo la fahari. Inahitaji chumba juu ya ardhi iliyoinuka, kwa sababu mto ulifurika 2018, ukafurika 2023, ukafurika tena 2024, na kompyuta haijui kuogelea. Paneli ya sola. Rafu za juu. Ufunguo usiokaa kwa mtu mmoja, wala kwa kabila moja.

Pili, chumba hicho kiwe na mlango ambao mama anaweza kuuingia. Wasanifu majengo wa kwanza wa Waorma ni wanawake: wao ndio wanaokunja miti, wanaofunga, wanaotandika mikeka hadi nyumba ya kuba inasimama, na kesho wanaifungua na kuhama nayo. Mwanafunzi wa usanifu anayesoma kuhusu nyumba nyepesi angesafiri mbali kuona hilo. Mama huyo hataingia mahali panapofunguliwa saa mbili usiku na vijana wa kiume wenye spika. Saa za chumba ni siasa. Mlango wa Ngadji ulitufundisha hivyo.

Tatu, pesa za chumba zianzie ndani. Tuna vyama vya kuchanga kwa harusi, kwa matanga, kwa boda boda. Mia mbili mia mbili za wasanii ishirini hazitalipa kodi ya mwaka, najua. Lakini zitalipa kitu kimoja muhimu: uwezo wa kumwambia mfadhili, asante, msichana anabaki Muorma. Chukua ruzuku, sikukatazi. Ila mtoto wa Liyongo angekuwa na kitu chake mfukoni, pengine angemkatalia mfalme.

Nne, majina. Kila kazi inayotoka iandikwe nani alisuka, nani alifundisha wimbo, nani alimalizia. Kipokomo, Kiorma, Kiwardei, Kigiriama, Kiswahili, Kimunyoyaya: andika kwa lugha unayoota nayo, tafsiri itafuata. Mtu mmoja mmoja, si "akina mama".

Na tano, hili watu hawalipendi: wakosoaji. Chumba ambacho kila kazi inapigiwa makofi ni chumba cha kungojea cheti. Nataka Mpokomo amwambie Muorma, hapa hadithi yako haijaiva, na Muorma amjibu, na wewe huu ubeti umeuazima. Na wasipigane. Nadhani huo ndio ushahidi wa amani ambao hakuna fulana inaweza kuuchapisha: watu wawili wanaoweza kugombana vikali kuhusu sentensi, halafu wagawane mkate.

Walinzi wa gereza lile walikuwa na macho mazuri ya kuchagua. Waliujua mkate mzuri kwa kuutazama tu, wakaula, wakashiba. Miaka yote hii, walinzi wa ladha ya nchi hii wamekuja Tana hivyo hivyo: wamechukua wimbo, wengine walishachukua ngoma, wamechukua mkeka, wamechukua shujaa wakampa Lamu. Kilichobaki wamekiona makapi. Hadithi ya simu na bando. Nyumba inayokunjwa. Binti na midundo yake.

Tupa iko humo ndani. Inahitaji kelele za kutosha, na watu wa kuzipiga.